Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Kumtegemeza Mmisionari

Ndugu wanachama, wazee wetu na wageni waalikwa,

Bwana Yesu asifiwe. Namshukuru Mungu aliyetufikisha katika mkutano huu, na nawashukuru ninyi mliofika, ambao kwa kweli ni wale wale wa siku zote.

Shughuli za kawaida sitazieleza kwa kirefu kwa sababu mnazijua. Maombi ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi yaliendelea. Barua za maombi zilisambazwa kila robo mwaka. Kwaya ya vijana ilitusaidia kwenye harambee, na akina mama walifunga vifurushi vya nguo na madaftari kama kila mwaka. Kamati tendaji ilikaa vikao vyake vyote, na mihtasari iko kwa katibu kwa yeyote anayetaka kuisoma. Wengi wanaonung'unika hawajawahi kuiomba.

Mtumishi wetu, mkewe na watoto wao wawili wamemaliza mwaka wa saba ugenini. Jina la nchi siliandiki kwa sababu tulizokwisha kuelezana. Taarifa kama hii husomwa mbali kuliko tunavyodhani, na kibali chao cha ukaazi ni kitu cha kulindwa.

Tumezoea kumfikiria mmisionari akiwa amesimama mbele ya watu akihubiri. Barua zake za mwaka huu zinaeleza siku za namna nyingine kabisa. Maji hutoka bombani kwa muda mfupi kabla ya alfajiri, na asiyeamka kukinga hana maji hadi kesho yake, kwa hiyo siku ya mtumishi wetu huanza gizani akiwa na ndoo. Kukipambazuka mkewe anakaa mezani na watoto kuwafundisha. Yeye mwenyewe huenda kwa mzee jirani anayemsahihisha lugha, na baada ya miaka saba bado anasahihishwa. Ameandika kwamba milango ya watu haikufunguka kwa mahubiri. Ilifunguka misibani, alipokaa na wafiwa usiku kucha na kushika jembe pamoja na vijana wa mtaa kaburi lilipochimbwa. Nawaomba mlisome hilo tena mkifika nyumbani.

Safari zake mnazisikia tu kwenye maombi, lakini sidhani kama sote tunaelewa. Basi humfikisha nusu ya njia. Sehemu iliyobaki hupanda lori la mizigo, akavuka mto kwa mtumbwi, kisha akatembea. Mvua zikianza, safari ya siku moja huchukua siku tatu, na akifika anakuta watu waliokuwa wakimngoja wameshakwenda mashambani. Hajawahi kuandika kwa kulalamika. Anaandika tu kwamba alilala kwa nani, aliombea nani, na nani amemwomba arudi.

Kuhusu kibali: mwaka huu alishinda kwenye ofisi husika kuanzia mlango ulipofunguliwa, akasubiri jina lake hadi jioni, kisha akaambiwa picha zake zina kivuli begani na jalada haliwezi kupokelewa. Ilibidi akapige nyingine, arudi aanze foleni upya. Gharama za kibali tulizilipa zote kwa wakati, na hapo niseme wazi kwamba nilifuatilia mimi mwenyewe kwa simu hadi usiku wa manane. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hatukukilipia upya, ingawa kuna aliyeuliza. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa, kwa hiyo fedha ambayo mtu fulani anadhani imepotea haikutoka kabisa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta baadhi yenu leo. Katikati ya mwaka kamati tendaji iliamua kuirudisha familia hii nyumbani kwa mapumziko ya miezi sita, na tiketi zao nne zikalipiwa kutoka mfuko wa pikipiki, yaani fedha za kumnunulia mtumishi pikipiki. Yamesemwa mengi. Imesemwa kwamba mwenyekiti ameamua peke yake. Imesemwa kwamba wanachama walichanga kwa ajili ya kazi ya Mungu na fedha ikaenda kwenye likizo. Imesemwa pia, na hili liliniuma zaidi, kwamba mtumishi amechoka na wito na anatafuta njia ya kuuacha.

Nianze na utaratibu. Barua ya daktari ilitufikia ikisema homa zimemrudia mtumishi mara kwa mara kiasi kwamba anahitaji kuondoka apumzike na kuchunguzwa. Niliitisha mkutano wa dharura wa wanachama. Akidi haikutimia. Niliitisha wa pili. Waliofika hawakujaza hata safu mbili za mbele. Katiba yetu inasema kwamba jambo la dharura likikosa akidi mara mbili, kamati tendaji itaamua na kutoa taarifa kwenye mkutano mkuu. Ndicho tulichofanya, na ndiyo taarifa ninayoitoa sasa. Anayesema hakushirikishwa aangalie kwanza daftari la mahudhurio kama jina lake limo.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya katiba, kwa sababu hata bila kifungu hicho uamuzi huu ulikuwa sahihi, na nausimamia.

Mjumbe mmoja aliniandikia ujumbe mrefu akinikumbusha kwamba mmisionari William Carey aliingia India mwaka 1793 na hakurudi tena Uingereza hadi alipofariki mwaka 1834. Ni kweli. Lakini habari ya Carey isisomwe nusu. Mwaka 1794 yeye na mkewe Dorothy walimzika mtoto wao Peter, na baada ya hapo akili ya mama yule iliharibika, wala hakupona hadi kifo chake mwaka 1807. Carey aliendelea kutafsiri Maandiko huku mkewe akiwa katika hali hiyo nyumba moja naye. Tunamheshimu Carey. Mimi siko tayari kumwomba mama wa familia yetu alipe gharama aliyolipa Dorothy ili sisi tuokoe tiketi.

Wengine wanamtaja Johannes Rebmann, aliyefika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1846, akauona Kilimanjaro mwaka 1848, na kukaa hadi mwaka 1875 bila kurudi kwao Ujerumani. Huyo naye tunamheshimu. Alipoondoka Rabai, kituo chake karibu na Mombasa, macho yake yalikuwa yamekwisha, na mwaka uliofuata alifariki. Mwenzake Johann Ludwig Krapf, ambaye mwaka 1844 alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga Mombasa, alikwenda Ulaya mwaka 1850, akarudi mwaka 1851 pamoja na wamisionari wapya. Afya yake ilipomrudisha tena hakuwa mtu aliyekwisha: aliendelea kuandika, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kazi hiyo ingekuwa wapi kama angelazimishwa kufia alipokuwa?

Na Hudson Taylor je? Alifika China mwaka 1854. Mwaka 1860 alirudi Uingereza akiwa mgonjwa, na waliomwona waliweza kabisa kusema kwamba safari yake imeishia hapo. Katika miaka ile ya kuugua alisahihisha Agano Jipya katika lugha ya watu wa Ningbo, na mwaka 1865 akaanzisha shirika lililopeleka wamisionari mamia kwa mamia katika mikoa ya ndani ya China. Wanaoita mapumziko upotevu wa fedha wanijibu hapo.

Hata hivyo mfano ulionipa amani usiku niliosaini ile hati hautoki kwa wazungu hao. Uko kwenye Wafilipi sura ya pili. Kanisa la Filipi lilimtuma Epafrodito ampelekee Paulo mahitaji yake na kumhudumia. Akaugua karibu kufa, akawa na shauku ya kuwaona watu wa kwao. Paulo, aliyekuwa kifungoni na mwenye kila sababu ya kumng'ang'ania, alimrudisha. Akaandika kwamba wampokee kwa furaha yote na kumheshimu mtu wa namna hiyo. Hakuandika kwamba wamhoji kuhusu nauli.

Kuna jambo jingine ambalo halikuwa katika barua ya daktari. Tulipozungumza nao kwa simu ya video, bibi wa watoto alikuwa ameketi nasi. Mkubwa alisalimia vizuri. Mdogo alimwangalia bibi yake kwenye kioo, akamgeukia mama yake na kumnong'oneza kwa lugha ya kule, kisha akaenda kujificha nyuma ya mlango. Bibi alicheka, akasema mtoto ana aibu. Mweka hazina alikuwepo na anaweza kushuhudia kwamba tulipokata simu bibi yule alibaki amekaa na kitambaa usoni kwa muda mrefu. Watoto wa mmisionari hawakuitwa kwa sauti kama baba yao. Walibebwa tu. Chama kinachomtegemeza baba kina deni kwao pia.

Kuhusu pikipiki: mfuko ule haujafutwa. Umekopwa na mfuko wa safari, na deni limeandikwa vitabuni. Tena pikipiki ingenunuliwa mwaka huu, ingepandwa na nani? Na mgonjwa?

Sasa mahudhurio na ada, mambo ambayo kila mwaka naombwa niyaseme kwa upole. Daftari lina wanachama 186. Waliolipa ada kamili ni 61, waliolipa sehemu ni 40, na waliobaki 85 hawajalipa chochote. Ahadi za harambee zilizotimizwa hazifiki theluthi mbili. Asilimia 70 ya yote yaliyopatikana ilikwenda moja kwa moja kwa familia, na kilichobaki kikaliwa na gharama za kutuma fedha, vibali, matibabu na uchapishaji. Kiwango cha kubadilisha fedha kilishuka mara kadhaa, kiasi kwamba tulichotuma kikiwa kimetimia huku kilifika kule kikiwa pungufu. Mchanganuo kamili atausoma mweka hazina.

Kwenye kundi letu la WhatsApp nikiweka ombi la maombi, amina zinamiminika ndani ya dakika chache. Nikiweka ukumbusho wa ada, kundi linakuwa kimya hadi mtu atume salamu za asubuhi. Siwezi kulizoea jambo hili. Mwezi mmoja mwaka huu posho ya familia ilichelewa kwa sababu akaunti haikuwa na fedha za kutosha, na wao wakakopa kwa jirani ambaye si hata Mkristo. Jirani huyo aliwakopesha bila kuuliza maswali. Mwezi ule fedha tulizokosa hazikufika hata ada za watu kumi, na katika wasiolipa wamo waliokuwa wakali kuliko wote kuhusu tiketi.

Maombi ya Ijumaa nayo yamebaki ya watu wachache, hasa wazee. Kuna jioni niliyofungua mlango, nikapanga viti, na tukaomba watatu. Mungu hasikii kwa wingi wa viti, najua, lakini mtumishi huwa anauliza kwa simu: leo mmekuwa wangapi? Nimjibu nini?

Nichukue nafasi hii kuwashukuru wachache waliobeba mzigo. Katibu aliandika kila barua bila kukosa. Akina mama wawili, ambao wamekataa niwataje, walimalizia pengo la tiketi ya nne kutoka mifukoni mwao. Kwa upande wangu nilitoa ofisi yangu, simu yangu na usafiri wangu kwa shughuli za chama mwaka mzima bila kudai marejesho, na sikusema hadi leo kwa kuwa nimelazimishwa na maneno yanayozungushwa.

Familia iko hapa sasa. Matibabu yanaendelea vizuri na homa haijarudi. Mkubwa anasoma, na mdogo sasa analala chumba kimoja na bibi yake. Mtumishi atazungumza nasi baada ya taarifa ya fedha. Nawaomba msimgeuze shahidi wa mashtaka. Mwulizeni juu ya watu wake wa kule, maana akianza kuwataja majina hamtataka anyamaze.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuwarudisha salama, kuurejesha mfuko wa pikipiki, na kutazama uwezekano wa kuwa na utaratibu wa kudumu wa mapumziko ili tusigombane tena kwa kila tiketi. Pia tunatamani vijana wengi zaidi waingie, na pengine tupate mtumishi wa pili. Kamati itayafanyia kazi.

Uchaguzi wa viongozi ni ajenda namba tano. Anayeona angefanya vizuri zaidi achukue fomu kwa katibu, akiwa amelipa ada yake.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti