Shukrani kwa mzee wa Easington

Shikamoo mzee, popote ulipo. Ni sisi, mimi na shangazi yangu, uliotukuta tunaitazama lifti ya wachimbaji iliyosimikwa juu ya kilima, hatujui hata ni ya nini. Ungeweza kupita zako na mbwa wako. Ukaamua kututembeza kijiji kizima.

Mimi Durham, huko kaskazini mashariki mwa Uingereza, niliijua kwa kanisa kuu na chuo, basi. Kwamba Easington Colliery, kijiji chenu cha huko Durham, ilikuwepo kwa ajili ya makaa ya mawe, na kwamba watu waliyachimba hadi chini ya bahari, nimejua kwako. Makaburini ulivua kofia. Ulituambia kuwa tarehe 29 Mei 1951 cheche za mashine ya kukatia makaa ziliwasha gesi mgodini, wakafa watu 83, wawili kati yao waokoaji walioshuka kuwatafuta wenzao. Shangazi aliuliza kama ulipoteza ndugu. Ulifunga tu vifungo vya koti, tukaelewa.

Kuhusu kufungwa kwa mgodi mwaka 1993 ulikuwa mkali kidogo, na una haki: ajira ya kijiji kizima haizimwi kama taa.

Ulituhimiza twende Durham Jumosi ya pili ya Julai, kwenye sherehe ya wachimbaji, tuone bendera zao na bendi za tarumbeta. Tutakuja. Ukituona, tuite. Asante sana, mzee wetu, na ile chai uliyolipa kimyakimya tuliambiwa na mhudumu.