Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa AMCOS yetu, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mwaka 2025

Wanachama wenzangu, poleni na shughuli za vibanja. Mahesabu yameshabandikwa ukutani pale ghalani na mkaguzi kashapita kwahiyo sitayarudia, mimi nataka niongelee butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini, maana hiyo ndo inatumaliza.

Januari shule zinafunguliwa, mtoto anadai sare na madaftari, kahawa bado mbichi iko mtini na kuvuna ni mpaka Mei huko. Anakuja mtu na hela mkononi anakupa kidogo, msimu ukifika anakuja na magunia yake anabeba yote. Malipo ya pili, yale chama kinayokuongezea kahawa ikishauzwa, hupati, na kibanja ulichopalilia mwaka mzima unakuwa umemlimia mwenzio. Msimu huu kuna mama mmoja alikuja ghalani akasimama tu pembeni ya mzani anaangalia wenzake wanapima kahawa ya maganda, nikamuuliza Ma mbona hujaleta, akajibu taratibu, "yangu iliondoka ikiwa maua." Mpaka leo naisikia sauti yake.

Ndo maana bodi tukaanzisha mfuko wa kukopeshana, unachukua hela ya shule Januari unarudisha ukileta kahawa. Wapo waliokosa. Mnunuzi mmoja alichelewesha malipo na sisi tukachelewa kuujaza mfuko, kwa hilo nawaomba radhi kabisa.

Walionipa moyo ni kinamama wa kitalu. Wamejifunza kuzalisha miche ya kahawa ya robusta inayohimili ugonjwa wa mnyauko, ile iliyotafitiwa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, kituo cha Maruku, wanaiuza mvua za vuli zikianza, kwahiyo Januari ikifika wana hela yao mkononi na mtu wa butura akibisha hodi hawana shida naye. Huo ndo ujasiriamali ninaouelewa mimi, na miti mizee ya babu zetu inapata warithi humohumo kwenye migomba bila kufyeka msitu.

Msitu nausema kwa sababu. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023, kahawa inayoingia kwao isitoke kwenye shamba lililofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020, na lazima ijulikane shamba liko wapi hasa. Shamba la hekta 4 kushuka chini, alama moja ya GPS inatosha. Sasa niambieni, mjane mwenye eka moja nani angemfuata akampimie kama sio chama? Wazee wetu walianzisha BNCU, chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, mwaka 1950, mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu nchi nzima na wakulima wakabaki bila vyama vyao vikuu mpaka sheria ya 1982 ikarudisha ushirika. Waliokuwepo wanajua, waulizeni.

Vijana wetu wa kupima wanapita na simu kitongoji kwa kitongoji, naomba mtu mzima awepo nyumbani awaonyeshe mpaka. Na anayetaka mkopo wa Januari aandikishe jina kwa katibu sasa hivi, asingoje mpaka mtoto arudishwe nyumbani.