Barua ya wazi kwa shemeji anayetaka kuwarudisha watoto Kaloleni

Shemeji,

Salamu kwako, na shikamoo yangu umfikishie mama. Nimesikia, si kutoka kwako, kwamba Desemba mnawaleta tena watoto waone minazi ikigemwa tembo, ile pombe ya mnazi. Kwenye gurupu la ukoo uliuliza "tupange vipi?" ukajibiwa kwa vidole gumba tu, maelezo hakuna. Mimi nilishatoka kwenye gurupu, na sababu unaijua. Basi nakujibia hapa, wasome na wengine.

Mkishuka treni ya SGR pale Miritini, msikimbilie kulala Nyali kwa sababu ya bwawa la kuogelea. Mtavuka daraja la Makupa jioni kwenda, kisha alfajiri mvuke tena kurudi mlikotoka, mkibanana na malori ya bandarini kuanzia Changamwe. Laleni Mikindani au Miritini penyewe. Kutoka hapo Mazeras ni karibu, na Mazeras ndipo mnapoiacha barabara ya Nairobi na kuingia kulia kwenda Rabai na Kaloleni.

Mgema hupanda asubuhi mapema, jua halijakaza, na hurudi jioni. Ukifika saa nne utamkuta anakunywa chai. Ikifika saa moja asubuhi muwe mmeshasimama shambani, kwa hivyo saa kumi na mbili kasorobo gari liwe barabarani. Watoto wabebwe na nguo zao za kulalia, watavishwa huko huko. Ndani ya gari wapewe mahamri, ndizi, mayai ya kuchemsha. Mbaazi za nazi hapana. Wali wa nazi pia hapana. Najua hapo umecheka. Chakula chenye tui kikifunikwa cha moto na kuwekwa kwenye buti, kwa joto la kaskazi, mchana hakifiki. Kinaanza kuteleza, kisha kunuka. Sufuria ile ya wali ya safari iliyopita ilikuwa yangu, na dakika arobaini tulizoingojea zote ni zangu, ndiyo maana tulifika mgema anateremka na watoto wakaona miguu yake tu. Lakini mama yako ndiye aliyesema anatamani chakula cha Pwani. Ningempa mkate wa dukani?

Safari hii wamwone akipanda. Anapanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina lenyewe (wako wa sekondari atacheka kusikia hilo neno), kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni na chombo mgongoni. Kule juu kuna panda la maua ambalo halijafunguka. Limefungwa kamba lisipasuke, na limeinamishwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa hadi likakubali. Anaikata ncha yake, kipande chembamba kama ganda la kitunguu, na utomvu unadondokea kwenye kibuyu kilichofungwa pale. Akikata kipande kinene, panda linaisha kabla ya siku zake. Akiruka siku, kidonda kinakauka na tembo linakatika. Kwa hiyo mgema hana Jumapili, na usimwambie asubiri watoto wapigwe picha. Waeleze pia kwamba panda linalogemwa halizai nazi, maana safari iliyopita mkubwa wako aliuliza akaambiwa anyamaze. Lilikuwa swali zuri.

Wasimame hatua kumi kutoka kwenye shina. Nyuki hufuata utamu, na kotama huweza kumponyoka mtu. Mkeka usitandikwe chini ya mnazi hata kivuli kikiwa kizuri namna gani, wala gari lisiegeshwe hapo, kwani nazi ikianguka haipigi hodi, na kuti kavu nalo lina uzito wake. Tandikeni chini ya mwembe, ila kwanza inua macho: ukiona majani yameshonwa pamoja kama kifuko, hao ni maji moto, wale sisimizi wekundu wanaouma, na watashuka wote. Hamia mti mwingine.

Wanywe madafu. Mtoto wa miaka mitano nusu dafu inamtosha. Akimaliza zima na tumbo ni tupu atakimbilia choo, na choo cha huko ni cha shimo, wengine huogopa wakajizuia hadi barabarani. Ganda lake likatiwe kijiko cha kukombea ile nyama laini. Wavae nguo za zamani, zenye rangi nzito. Maji ya dafu na ya kumbi yakigusa nguo nyeupe huonekana si kitu, kisha doa la kahawia linajitokeza baadaye na halitoki kwa sabuni yoyote. Maji ya kunywa, lita moja kwa kila mtoto, na yakae kwenye gari walilomo watoto.

Rabai mpitie wakati wa kurudi. Wamishonari Krapf na Rebmann walianzisha misheni hapo mwaka 1846, na kanisa la zamani sasa ni makumbusho. Nusu saa inatosha; wadogo watapenda uwanja kuliko maandishi. Misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008, iache kwa siku nyingine. Kaya inaingiwa kwa idhini ya wazee na hakitolewi hata kijiti, na wewe una mtoto ambaye mifuko yake haikosi kijiti.

Sasa tembo.

Mangwe, kule tembo linakouzwa na kunywewa, msipeleke watoto. Sheria ya vileo ya 2010 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuruhusiwa kuingia mahali pombe inaponywewa, na hata ingekuwa haipo, mangwe ni mangwe. Waone kugema shambani, kwa watu tunaowajua, basi. Na neno "tembo tamu" lisikudanganye. Chachu iko kwenye kibuyu tangu jana, iko hewani, iko kwa nyuki aliyezama humo. Tembo huanza kuchacha kabla halijafika chini. Saa mbili asubuhi linatekenya ulimi. Saa saba mchana ni pombe. Kesho yake ni kali, na likiachwa siku kadhaa ni siki ya kutilia kachumbari. Ukilifungia kwenye chupa ya plastiki gesi haina pa kutokea, chupa inakuwa ngumu kama jiwe na kitako kinabenuka hadi haiwezi kusimama.

Chupa yako safari ile ilikuwa imebenuka, shemeji. Ulipozungusha kifuniko ilipiga fyuu, povu likakumwagikia hadi kwenye saa ya mkononi, ukacheka. Ukamimina kwenye kile kikombe cha njano chenye picha ya samaki, ukampa mtoto. "Juisi ya mnazi, mgema amesema ni tamu." Mgema alisema hivyo, kweli, asubuhi. Mtoto alikunywa yote kwa sababu alikuwa na kiu, na alikuwa na kiu kwa sababu maji mliyaacha kwenye gari la pili. Mlimlaza mkekani mkasema amechoka na safari. Kichwa kilikuwa kinaning'inia. Tulipofika Miritini, katikati ya foleni, alitapika hadi hakuna kilichobaki, na dada akamkinga kwa leso yake.

Unasema nilikutukana mbele ya mama yako. Nilikutukana. "Mjinga" nilisema mara mbili. Lile neno jingine si langu, uliza vizuri. Mama, kama unasomewa haya, niwie radhi, ulikuja mgeni ukasikia yasiyosikika.

Lakini nyote huanzia pale nilipopiga kelele, na dada tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Ya asubuhi hakuna anayeyasimulia, kwa sababu nayajua peke yangu. Niliiona ile chupa. Niliona unavyoiingiza nyuma ya kiti cha dereva, upande wa jua, na mimi ni mtoto wa mgema, nilijua kufika mchana itakuwa nini. Ulikuwa umetoka kusema wali wangu umeharibu safari. Nikajisemea moyoni, mwache, atakapoifungua itamrukia shati. Shati ndilo nililolifikiria. Mtoto hakunijia akilini, na wewe hukunieleza kama ni yako ya kunywa au ya nani, kwa hiyo ningejuaje.

Saa saba muwe mmeondoka, watoto walale garini. Mkingoja jioni, kutoka Mazeras kuteremka hadi Changamwe ni malori tu.

Nitawangoja Mazeras, pale njia panda ya Kaloleni, saa kumi na mbili na robo. Maji nitaleta mimi, lita kumi. Dada akae kiti cha mbele, hata kama hatanisalimia, maana kona za Rabai humtapisha tangu tukiwa wadogo.