Kwa wajukuu zangu mnaokwenda Cape Coast na Elmina

Wajukuu zangu wapendwa,

Nimesikia kwamba michango ya safari yenu ya Ghana imekamilika, na kwamba mmepanga kuzizuru ngome za Cape Coast na Elmina kwa siku moja, kisha jioni mrudi Accra. Nawaombeni, mimi niliyefika huko nikiwa mwalimu wa historia, muipangue ratiba hiyo. Mateka waliofungwa ndani ya kuta zile, wakingoja kuuzwa utumwani ng'ambo ya bahari, hawakuanzia baharini. Wengi walitembezwa kwa miguu kutoka bara, wamefungwa pamoja, majuma kwa majuma. Nanyi anzieni bara, muijie bahari kwa njia waliyoijia wao.

Anzieni Assin Manso, kiasi cha kilomita 40 kutoka Cape Coast, penye mto uitwao Donkor Nsuo, ambamo mateka waliogeshwa kwa mara ya mwisho kabla ya kufikishwa pwani kuuzwa. Shukeni mpaka majini, na simu zikae mifukoni.

Elmina ilijengwa na Wareno mwaka 1482, zaidi ya miaka 100 kabla hawajajenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, na shabaha yao ya kwanza ilikuwa dhahabu. Waholanzi waliiteka mwaka 1637. Mwongozaji atawaonyesha ua walikokusanywa wanawake na roshani ya gavana iliyo juu yake, ambako gavana alisimama akichagua. Mabinti zangu, mkihitaji kutoka nje mahali hapo, tokeni, wala asiwepo wa kuwauliza sababu.

Cape Coast ndipo ninapotaka mkae muda mrefu zaidi. Gereza la wanaume liko chini ya ardhi, hewa na mwanga vikiingilia kwenye matundu madogo yaliyo juu kabisa ya ukuta, na juu ya gereza hilo Waingereza waliweka chumba cha ibada. Sisi tulipoingia, mwongozaji alizima taa na kunyamaza. Nilisikia pumzi za wenzangu, na baadaye nikaanza kusikia mawimbi. Taa ilipowaka alituonyesha mfereji mwembamba uliokatwa sakafuni, uliokusudiwa kupitisha uchafu wa mamia ya watu, nao uliziba, hata watu wakalala juu ya uchafu wao wenyewe. Mmoja wetu alianza kupiga picha huku akitabasamu, na sikumkanya. Jambo hilo linaniuma hadi leo, ndiyo maana nawaambia ninyi mapema: chumba kile ni kama kaburi, nanyi adabu ya makaburini mnaijua.

Mtaelezwa pia kwamba wengi wa mateka walikamatwa vitani au kutekwa na Waafrika wenzao, wakauzwa kwa Wazungu kwa bunduki, vitambaa na pombe. Msibishane na mwongozaji, wala msiwatazame wenyeji kwa jicho la kuwahukumu. Kwetu misafara ilishuka kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, na soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, wakati Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara yake ya watumwa tangu 1807. Sisi nasi tuna mababu waliouza, kama tulivyo na waliouzwa.

Mwishoni, hapo hapo Cape Coast, mtafika kwenye mlango unaoitwa Mlango wa Kutorudi. Nje yake mtakuta wavuvi, mitumbwi iliyopakwa rangi, na watu wakishona nyavu mchangani, wasalimuni. Kisha geukeni muusome upande wa pili wa mlango, kwani umeandikwa Mlango wa Kurudi. Mwaka 1998 mabaki ya watu wawili waliopata kuwa watumwa, mmoja Jamaika na mwingine Marekani, yalirejeshwa Ghana, yakaingizwa ngomeni kwa mlango huo. Walizikwa Assin Manso, karibu na mto ule ambao ninyi mtakuwa mmetoka kuuona. Makaburi yao msiyapite bila kusimama.

Ni mimi babu yenu, ninayewaombea safari njema.