Mama Idi, ile taa usiinunue kwanza

Mama Idi, shoga yangu,

Salaam aleykum. Mnaendeleaje huko Tabata? Mguu wa mama umepungua? Huku Sinza tunamshukuru Mungu, joto tu na michango. Ule wa kichen pati ya Zuhura nitausema mwisho nikikumbuka, na nisipokumbuka ujue nimekusudia.

Picha uliyonitumia nimeiona, ile taa ya nyuma ya baiskeli ya Idi, boksi limeandikwa lumeni 1000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Usiinunue kwanza. Nilitaka kukujibu kwa simu nikaona mambo ni mengi, na Idi naye ukimwandikia anakurudishia kidole gumba, hujui kasoma au kakupungia mkono. Basi barua hii mpe aisome yote, halafu umuulize maswali kama mwalimu.

Kwanza, lile kreti. Kijana anatoka saa kumi alfajiri na kreti la mikate kwenye keria, anaingia Barabara ya Mandela pamoja na malori ya bandarini. Taa uliyoipenda ni ya kufunga kwenye bomba la kiti. Kwa mtu anayeendesha baiskeli tupu, hapo ndipo mahali pake. Kwa Idi, kreti linasimama katikati ya taa na lori. Hata umfungie taa ya meli, dereva ataona plastiki ya kreti, tena ataiona akiwa ameshafika. Anza na mahali pa kuikalisha taa, ukali wake utafuata.

Mahali penyewe ni mwisho wa keria, pale chuma kinapoishia. Zipo taa zilizotengenezwa kwa ajili ya keria, zina bolti mbili nyuma, na nafasi kati ya bolti hizo kwa kawaida ni milimita 50 au 80. Baadhi ya keria zinazokuja na baiskeli za mitumba zina kibati chenye matundu hayo. Keria nzito za kuchomelea, zile za wabeba mkaa, hazina. Fundi wa kuchomelea akikipachika kibati chembamba na kutoboa matundu mawili, kazi imekwisha. Bolti huwa za milimita 5, spana namba 8. Nati ziwe zile zenye plastiki ndani, maana kwa mashimo yetu nati ya kawaida inajifungua yenyewe na taa inabaki Buguruni.

Kreti likipita mwisho wa keria na kuning'inia nyuma, hapo pana mtego. Taa inakuwa chini ya dari. Chukulia kreti limezidi sentimita 20 na taa iko sentimita 5 chini yake: dereva wa lori, ambaye macho yake yako juu sana, ataiona akiwa mbali, lakini akisogea kwenye mita 7 hivi kreti linaifunika. Na karibu ndiko anakotakiwa kujua Idi yuko wapi. Kreti lisogezwe mbele, au kibati kirefushwe mpaka taa iwe sawa na ukingo wa mzigo. Ikishindikana kukaa katikati, iende kulia. Sisi tunaendesha kushoto, wanaotupita wanapita kulia.

Sasa na ile ya picha, kama roho yako imeshaiganda, inaweza kuwa ya pili. Nitakuja kwenye hilo la taa mbili.

Lumeni 1000. Mama Idi, hiyo ni hadithi ya Abunuwasi. Angalia udogo wake. Ndani mna betri ya miliampea 500, volti 3.7, yaani nishati isiyofika hata wati mbili kwa saa moja. Mwanga mwekundu wa lumeni 1000 unataka wati 10 na zaidi. Ingekuwa kweli, betri ingekauka kwa dakika kama kumi, Idi hajafika hata kwa mteja wa kwanza. Kwa usiku, taa ya nyuma inayowaka mfululizo kwa lumeni 10 hadi 30, ikiwa na kioo kizuri kinachotawanya mwanga, inatosha kabisa. Za lumeni 100 na kuendelea ni za mchana wa jua kali. Usiku zinamchoma macho bodaboda aliye nyuma, na mtu aliyechomwa macho hapimi umbali.

Kuna ujanja mwingine wa boksi. Lumeni wanazoandika ni za mwanga mkali kuliko wote, saa wanazoandika ni za ule unaokonyeza kidogo kidogo kuliko wote. Vitu viwili tofauti vimekaa mstari mmoja kana kwamba ni ndugu. Ukiona "saa 30" uliza: saa 30 kwa kuwaka vipi? Idi anahitaji giza la kuanzia saa kumi mpaka kunapopambazuka saa kumi na mbili na kitu, na jioni pengine saa moja nyingine, kwa kuwa kwetu jua likizama giza halikawii. Weka saa tatu na nusu kwa siku. Tafuta inayodumu saa tano au sita ikiwaka mfululizo ikiwa mpya, kwa sababu betri ikizeeka saa hizo zinapungua.

Kuhusu kukonyeza, watu wanapenda kwa kuwa inavuta macho. Kweli inavuta. Lakini gizani taa inayozima na kuwaka peke yake inamsumbua dereva kukadiria umbali na mwendo. Anajua kuna kitu mbele, hajui ni mita 20 au 60. Wajerumani kwao taa ya nyuma ya baiskeli inayokonyeza haikubaliki kisheria, na taa iliyopita ukaguzi wao ina alama ya mkunjo wa wimbi na herufi K. Ukikutana na alama hiyo kwenye mitumba, chukua. Ndiyo maana nasema taa mbili: ya keria iwake mfululizo, na ya pili, ndogo, ikonyeze ikiwa imebanwa juu ya kreti upande wa nyuma. Moja ikifa njiani, nyingine ipo. Ya keria imekazwa kwa nati, mwizi ataitazama tu. Ya kreti inachomolewa na kutiwa mfukoni kila anaposhuka kupeleka mikate, hata kama anasema ni dakika moja.

Betri nazo zisiwe za aina moja. Moja iwe ya kuchaji, nyingine ya betri nyembamba za rimoti ambazo duka lolote la mtaani linazo. Umeme ukikatika usiku kucha, na mnajua unavyokatika, asubuhi kijana ana walau taa moja. Zile za betri bapa kama sarafu zisiwe tegemeo, ni dhaifu na betri yake inakwisha upesi. Ya kuchaji iwe na tundu la Taipu C, sawa na chaja ya simu yake. Ikija na waya wake wa pekee wenye sumaku, iache hapo hapo dukani; waya ukipotea, taa imekufa na haina ugonjwa.

Na asiiache taa juu ya baiskeli iliyoegeshwa juani mchana kutwa. Betri ya lithiamu joto linaila. Ya nati haichomoleki, kwa hiyo baiskeli ndiyo itafute kivuli.

Nirudi kwenye kukaa kwa taa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibu hata wakinunua nzuri. Taa ya nyuma lazima itazame nyuma, sambamba na ardhi. Bomba la kiti limelala kidogo kuelekea nyuma, kwa hiyo taa ikifungwa bapa pale inainama. Mlalo wa kawaida ni nyuzi 17 hivi. Taa iliyo sentimita 80 juu inapiga lami mita 2 na nusu nyuma ya baiskeli. Inamulika mashimo aliyokwishayapita. Vyuma viwili vinavyoshuka kutoka kwenye kiti hadi gurudumu la nyuma vina mlalo wa kinyume, taa ikifungwa pale inatazama nyota. Taa nzuri ina kikabari cha kurekebisha mlalo, au mpira wake una upande mnene na upande mwembamba. Kama haina, kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa mshazari kinafanya kazi hiyo hiyo.

Kupima ni rahisi. Usiku, Idi asimamishe baiskeli wima, nyuma yake ikitazama ukuta, umbali wa mita 3. Apime kutoka chini hadi katikati ya taa, aweke alama ya chaki ukutani kwa kimo hicho hicho. Awashe. Sehemu kali ya mwanga iwe kwenye alama au chini yake kidogo tu. Halafu apakie kreti likiwa na mikate, apime tena, maana mzigo unakandamiza matairi na keria mbovu inapinda.

Maji. Kwenye boksi atafute IPX, alama ya jinsi taa inavyozuia maji. IPX4 ni kurushiwa matone kutoka kila upande, kwa mvua ya kawaida inaweza. IPX6 inahimili maji ya kasi, IPX7 ni kuzama mita moja kwa nusu saa. Taa ya keria inapigwa na maji machafu yanayorushwa na gurudumu la nyuma, sasa kama Idi hana madigadi, masika itaimaliza ya IPX4. Afunge madigadi kwanza. Kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kitazame chini, kisafishwe mchanga, kipakwe grisi ya silikoni kiduchu. Asichaji taa yenye maji. Chumvi ya hewa yetu inaotesha kutu ya kijani kwenye vibati vya betri. Sandpepa laini inaitoa. Na kioo kifutwe kila asubuhi, tope jembamba tu linaweza kumeza mwanga mwingi na mtu haoni kwa kuwa yuko mbele.

Kuna jambo sijui kama ni kweli: Baba Rajabu aliniambia baiskeli yenyewe ni ya mtumba wa Japani. Nyingi za hizo zina dainamo kwenye gurudumu la mbele, kile kinachotoa umeme gurudumu likizunguka. Kama ipo na inazunguka, tumeokoa hela. Dainamo ya kawaida ni volti 6, wati 3: taa ya mbele inachukua 2.4, ya nyuma 0.6. Nyingi zimefungwa taa ya mbele tu, lakini waya unaweza kupelekwa nyuma. Shida zake mbili. Globu ya mbele ikiungua, umeme wote unakimbilia nyuma na globu ya nyuma inaungua hapo hapo, kijana anabaki gizani pande zote. Kwa hiyo nyuma afunge ya LED iliyotengenezwa kwa dainamo. Ya pili, akisimama kwenye mataa, dainamo inasimama na taa inazima, isipokuwa ile yenye kihifadhi umeme ndani, inayoendelea kuwaka dakika kadhaa. Asichukue isiyo nacho. Ikipepesa bila sababu, mara nyingi ni kutu: waya mara nyingi ni mmoja na fremu ndiyo njia ya kurudi, akwangue rangi na kutu pale bolti inapogusa chuma.

Rifleketa nyekundu asiing'oe, ila asiitegemee. Inang'aa ikimulikwa tu, na bajaji ngapi zina taa moja inayotazama mtaroni? Stika za kuakisi mwanga abandike kwenye pedeli na visigino vya viatu. Kitu kinachopanda na kushuka gizani, dereva anatambua mara moja kwamba hapo kuna mtu anayepiga pedeli.

Dukani Kariakoo, asikubali kuonyeshwa taa mezani. Aiwashe, ampe muuzaji aishike kwa kimo cha keria, arudi nyuma hatua thelathini. Aisogelee kutoka ubavuni pia. Ikipotea kabisa akiwa pembeni, kwenye makutano haitamsaidia. Aitikise. Ikikatika mwanga, hiyo ni swichi au vibati, na barabara zetu zitaitikisa zaidi ya mkono wake. Aizime na kuiwasha: irudi kwenye mwanga alioiachia, au ianze na kukonyeza kila mara? Inayoanza na kukonyeza mtu huichoka kuibonyeza akaiacha hivyo.

Sasa nijibu haya leo, Jumamosi nashuka Kariakoo. Keria ina kibati cha matundu au ni ile ya kuchomelea? Kreti linazidi keria sentimita ngapi? Madigadi ya nyuma ipo, au alishaitoa ili baiskeli iwe nyepesi? Dainamo je? Azungushe gurudumu la mbele uone. Mikate anamaliza saa ngapi siku hizi, na jioni anapita Mandela au anakata kwa ndani Vingunguti? Yule fundi wa kuchomelea karibu na kwa Mama Chande bado yupo? Pesa ya ile taa umeshaitoa au uliniogopesha bure?

Na Zuhura, mwambie nimepata kadi.

Wako,
Mwajuma