Barua kwa wazazi vijana wa Njombe: mayai yanakwenda stendi, mtoto anabaki na uji mweupe

Kamwene wanangu,

Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu kliniki na bintiye wa miaka miwili kamili. Muuguzi akamsimamisha mtoto kwenye ubao: sentimita 77. Wa umri wake hutarajiwa kufika kama 86. Akajaza kadi, akasema "udumavu", akaita mwingine.

Tukatoka. Mjukuu wangu akapitia stendi na trei aliyokuja nayo, mayai 30 ya kuku wa nyumbani, akayauza yote. Hela hiyohiyo akanunua juisi nyekundu ya chupa na biskuti. "Bibi, leo nimemnunulia mwanangu vitu vizuri." Mtoto akanywa mpaka ulimi ukawa mwekundu. Nilinyamaza, maana mzazi hafokewi mbele ya mwanawe. Sasa nasema.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kwetu Njombe ni 50. Iringa karibu 57, na Rukwa wako humohumo. Mikoa inayolisha nchi! Malori ya mahindi na viazi yanapishana barabarani usiku kucha. Njaa hatuna. Tuna uji mweupe.

Huo uji ndio ugomvi wangu. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Ukilijaza maji ya unga na sukari, ameshiba na hajala. Uji uwe mzito, ung'ang'anie kijiko. Kisha utie kitu: karanga zilizosagwa, maziwa, au yai lililopigwa, uache vichemke pamoja. Parachichi liponde, mlishe kando. Mama mkwe wangu alinikataza mayai nikiwa mjamzito, eti mtoto atazaliwa na kipara. Mimba ya kwanza nilimtii. Zilizofuata nilikula nyuma ya jiko. Hakuna aliyezaliwa na kipara, ingawa mmoja anacho sasa, naye ana miaka hamsini.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Miezi sita ya kwanza, maziwa ya mama peke yake. Maharage kila siku. Mchicha na majani ya maboga yasichemshwe kupita kiasi, na yatiwe mafuta kidogo. Dagaa wasagwe na mifupa yao. Soya ichemshwe kwanza, ikaushwe, ndipo isagwe. Mahindi na karanga zenye ukungu tupeni. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu huo. Na chai tunayolima wenyewe isiwe kinywaji cha mtoto wakati wa kula, inazuia madini ya chuma.

Nanyi akina baba, msijifiche nyuma ya barua hii. Parachichi la mnunuzi mnalipima kilo kwa kilo, mtoto hajapanda mizani tangu chanjo ya surua. Kitimoto mnakula kilabuni, nyumbani mnarudi na harufu. Na yule anayemwonjesha mtoto ulanzi, pombe ya mianzi, ili alale, simtaji, anajijua.

Ila nisiwe mkali kupita kiasi. Mama anatoka kwenda shamba alfajiri, anarudi jioni na kuni kichwani. Kutwa nzima mtoto yuko na dada yake wa miaka saba na bakuli la uji uliopoa. Huyo wa miaka saba naye atapiga yai saa ngapi? Vijiji vingapi vina mahali pa kuwaacha watoto wakati wa kupalilia? Vikao vya harusi tunavichangia mpaka tunakopa, lakini kumlipa bibi mmoja awapikie watoto wa kitongoji hatujawahi kukaa hata siku moja.

Jana asubuhi nilipita kwa mjukuu wangu. Trei ilikuwa mlangoni, tayari kwa safari ya stendi. Matundu saba yalikuwa wazi. Sikuuliza.

Bibi yenu