Kuteleza kwa ski usiku

Mhariri,

Wanaoteleza mlimani usiku kwa ski, vile vibao virefu vya miguuni vya kutelezea theluji, huogopa giza, kumbe adui wa kwanza ni barafu. Theluji iliyolainika mchana huganda jua likizama, na ski zenye kingo butu haziikamati. Zinolewe kabla ya kupanda. Miwani ya kioo cheusi haifai. Tumia kioo kisicho na rangi au cha manjano hafifu. Betri ya taa ya kichwani huishiwa nguvu upesi kwenye baridi, basi ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Tunasisitiza hili: mteremko usiowashwa taa usiingiwe kabisa. Mashine za kusawazisha theluji hufanya kazi humo zikiwa zimefungwa kebo ya chuma, pengine ya mita 1,000. Kebo hiyo hunyanyuka na kukaza ghafla, na gizani haionekani. Inaua.